Barabara ni ya Nani? Fikira Juu ya Mbio za Magari Mjini

Neno "mbio" katika lugha yetu hubeba mizigo mingi. Mtoto aliyetumwa dukani huambiwa aende mbio. Wanafunzi hushindana mbio siku ya michezo. Mtu aliyevamiwa na adui naye hutoka mbio. Kutokana na kitenzi kimoja cha kukimbia tumepata majina mawili ambayo maana zake zimepishana sana: mkimbiaji, ambaye hushangiliwa, na mkimbizi, ambaye huhurumiwa. Miguu ya watu hao wawili yaweza kuwa na kasi ile ile. Kinachowatenga ni kwamba mmoja amechagua kukimbia na mwingine hakuchagua. Tumeanza na jambo hili dogo la lugha kwa sababu ndani yake mna swali tunalotaka kulichunguza. Je, heshima ya mbio hutoka katika kasi yenyewe, au hutoka katika uhuru wa yule anayekimbia, pamoja na uhuru wa wale wanaompisha njia?

Ili mazungumzo yetu yasielee hewani, tutachukua mfano wa kweli uliotokea katika bara letu. Tarehe 25 Februari, 1983, mji wa Cape Town ulikuwa bado chini ya utawala wa ubaguzi, na mtu mweusi alihitaji kuwa na pasi mfukoni ili aruhusiwe kuwapo mjini. Miaka arobaini baadaye, siku hiyo hiyo ya tarehe 25 Februari, 2023, mitaa ya Green Point katika mji huo ilifungwa ili yapite magari ya mashindano ya dunia yanayoitwa Formula E. Mashindano hayo ni ya magari yanayoendeshwa kwa umeme. Yalianza mwaka 2014 huko Beijing, na tangu mwanzo yalikusudiwa yafanyike hasa katikati ya miji, pale ambapo watu wanaishi. Yalikuwa yamekwisha kufika Marrakesh, nchini Morocco, lakini kusini ya Sahara hii ilikuwa mara ya kwanza.

Njia iliyotengenezwa ilikuwa na urefu wa kilomita 2.921. Iliuzunguka uwanja wa mpira uliojengwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la mwaka 2010, huku bahari ikiwa upande mmoja na milima upande wa pili. Katika kutafuta nafasi za kuanzia, dereva Sacha Fenestraz aliimaliza njia hiyo kwa mwendo wa wastani wa karibu kilomita 155 kwa saa, mahali ambapo siku nyingine mama husukuma kigari cha mtoto. Mashindano yenyewe yalikwenda kwa António Félix da Costa, Mreno, ambaye alimpita Mfaransa Jean-Éric Vergne wakati mizunguko ilipokuwa inakaribia kwisha. Walioshuhudia walipata burudani kamili.

Yafaa pia tueleze magari hayo yanavyofanya kazi, kwani ufundi wake una funzo. Gari la kawaida likifunga breki, nguvu ya mwendo hugeuka joto na kupotea hewani. Katika gari la umeme la namna hii, dereva anapopunguza mwendo, mota iliyokuwa inayazungusha magurudumu huzungushwa na magurudumu, ikawa jenereta, na umeme hurudi katika betri. Kwa hiyo hashindi yule anayekanyaga tu. Hushinda yule ajuaye mahali pa kuachia ili apate nguvu ya kwenda tena. Wazee wetu waliosema kwamba mwenda pole hajikwai, na kisha wakasema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, hawakujipinga wenyewe. Walijua kuwa hekima ya mwendo ni kupima: wapi pa kuharakisha na wapi pa kungoja. Dereva wa gari hilo anaifuata hekima hiyo katika kila kona.

Basi tusije tukadhaniwa kuwa tunayakataa mashindano haya kwa sababu ni mageni, au kwa sababu ni ya mashine. Utamaduni usiopokea kitu kutoka nje hufa kwa njaa. Wala hatukubaliani na wale wanaosema kwamba watu maskini hawana haki ya furaha mpaka kwanza wapate kila kitu. Ngoma zetu hazikungoja ghala zijae. Mtu huhitaji chakula, na pia huhitaji kitu cha kusimulia jioni.

Lakini shaka ipo, na yatupasa tuitazame. Tarehe 9 Februari, 2023, siku kumi na sita tu kabla ya mashindano, Rais Cyril Ramaphosa alisimama katika Ukumbi wa Jiji la Cape Town akatangaza hali ya maafa ya kitaifa kwa sababu ya upungufu wa umeme. Wakati huo Afrika ya Kusini nzima ilikuwa katika mgawo. Kila mtaa ulikatiwa kwa zamu, saa nyingi kwa siku. Sisi katika Afrika ya Mashariki hatuhitaji kuelezwa mgawo ni nini. Tunamjua fundi wa kuchomelea anayekaa mbele ya karakana yake mikono mitupu, na mwanafunzi anayesomea mtihani kwa mshumaa. Katika mji wenye watu wa namna hiyo, magari ya umeme yakaja kushindana.

Hapa wengi hukimbilia hesabu, nasi tuifanye. Betri ya gari moja la namna ile hutumia katika shindano moja yapata uniti 40 za umeme. Magari 22, ambayo ndiyo idadi kamili ya msimu ule, hayafikishi uniti 1,000. Mji mkubwa hautambui upungufu wa kiasi hicho. Kwa hiyo yeyote anayedai kwamba magari yale ndiyo yaliyowatia watu gizani anasema uwongo, na uwongo haufai hata ukisemwa kwa ajili ya wanyonge. Upungufu ulitokana na mitambo mizee ya makaa ya mawe, ukarabati uliocheleweshwa na uongozi mbaya wa miaka mingi.

Je, hesabu hiyo inamaliza shauri? Tunaona haimalizi. Tuseme katika nyumba moja baba amefiwa na majirani, wote wamekaa matanga, na kijana wa nyumba ya pili anapiga muziki kwa sauti kubwa. Muziki haukumwua marehemu, wala ukizimwa hautamfufua. Hata hivyo hakuna Mswahili atakayemwambia mfiwa kwamba hana neno la kusema. Liko kosa linalopimwa kwa kiasi cha kitu kilichochukuliwa, na liko kosa linalopimwa kwa namna mtu alivyotazamwa au alivyokosa kutazamwa. Kosa la pili halina mizani wala uniti, lakini ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu humfanya mtu ajione kuwa si wa hapo alipo.

Na katika Cape Town jambo la kuwa wa mahali au kutokuwa wa mahali si jambo la maneno matupu. Tarehe 11 Februari, 1966, serikali ya Makaburu ilitangaza kwamba mtaa wa District Six, ulio karibu kabisa na katikati ya mji, ni wa Wazungu peke yao. Watu zaidi ya 60,000 waliondolewa kidogo kidogo, nyumba zao zikabomolewa, wakapelekwa kwenye nchi tambarare yenye mchanga na upepo mbali na mji. Khayelitsha, makazi makubwa ya watu weusi yaliyoanzishwa katika miaka ya 1980, yako umbali wa kilomita thelathini hivi kutoka Green Point. Ubaguzi wa sheria ulikwisha mwaka 1994, lakini kilomita hazifutwi kwa kura. Mfanyakazi wa Khayelitsha huamka kungali giza ili aende kufanya kazi karibu na bahari.

Reli iliyowahudumia watu hao ilisimamishwa mwaka 2019 baada ya kuharibiwa na wezi wa nyaya na kutelekezwa, na siku ile ya mashindano treni zilikuwa bado hazijarudi Khayelitsha. Waliokuwa wakisafiri kwa treni walilazimika kupanda mabasi madogo, mfano wa daladala zetu, kwa nauli kubwa kuliko ile ya treni. Hapo ndipo kasi ya kilomita 155 kwa saa inapopata maana nyingine. Kwa mtu mmoja kasi ni mchezo, kwa mwingine ni kitu anachokidai kila alfajiri na hakipati. Mji ulionyesha kwamba waweza kulainisha barabara, kuweka vizuizi na uzio, na kupanga askari wa usalama, yote kwa siku maalumu iliyowekwa. Mtu anayengoja treni kwa miaka mitatu ana haki ya kuuliza: kumbe tarehe zaweza kutimizwa?

Wapo watakaosema kwamba tunachanganya mambo, kwamba michezo ni michezo na siasa ni siasa. Hoja hiyo tuliisikia zamani. Afrika ya Kusini ya Makaburu ilipenda sana kuitumia. Mbio za magari za dunia zilifanyika Kyalami, karibu na Johannesburg, hata wakati ambapo michezo mingi mingine ilikuwa imeitenga nchi ile. Mwaka 1985 miji ya Waafrika ilikuwa inawaka moto na hali ya hatari ilikuwa imetangazwa. Timu mbili za Kifaransa, Renault na Ligier, hazikwenda Kyalami mwaka huo. Timu nyingine zilikwenda, na mbio zikafanyika. Lakini baada ya hapo mashindano hayo hayakurudi tena mpaka mwaka 1992, wakati Nelson Mandela alikuwa amekwisha toka gerezani.

Nchi zetu zilikuwa zimetangulia katika msimamo huo. Mwaka 1976 Tanzania, Kenya na nchi nyingine nyingi za Afrika zilijitoa katika Michezo ya Olimpiki ya Montreal, kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu ya raga kucheza na Makaburu na bado iliruhusiwa kushiriki. Tumkumbuke Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari, 1974, huko Christchurch, Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500, akimshinda John Walker wa New Zealand. Dunia nzima ilingojea wakutane Montreal. Hawakukutana. Walker alishinda medali ya dhahabu, na Bayi hakukimbia. Mwaka 1980 alipata medali ya fedha huko Moscow katika mbio za kuruka viunzi na maji, lakini siku ile ya Montreal haikurudi, kwani ujana wa mwanariadha ni mfupi. Tunauliza: je, mwaka 1976 Bayi alishindwa? Jibu letu ni kwamba mbio ambazo hakukimbia ni sehemu ya heshima yake na yetu sawasawa na zile alizokimbia. Lakini tusisahau kwamba gharama yake aliilipa yeye mwenyewe, kwa miguu yake, na si sisi tuliokaa tukapiga makofi.

Twaona basi kwamba neno "hapana" lina nafasi yake katika mbio. Hata katika mashindano yale ya Cape Town lilisemwa. Timu ya Mahindra iliingiwa na wasiwasi juu ya uimara wa sehemu ya nyuma inayoyashikilia magurudumu ya magari yake. Timu ya ABT Cupra ilitumia vyombo vilivyotoka kwa Mahindra. Magari manne ya timu hizo mbili yakaondolewa kabla ya kuanza. Miongoni mwa madereva waliokosa kushiriki alikuwa Kelvin van der Linde, mwananchi wa Afrika ya Kusini, ambaye angekimbia mbele ya watu wake. Alikuwa amekwisha fika, gari lilikuwapo, watu walikuwapo. Hata hivyo hakukimbia, kwa sababu uhai wa mtu ni mkubwa kuliko tamasha. Tunausifu uamuzi ule. Lakini hapo hapo tunajiuliza: kama wenye magari wana uwezo wa kusema "hapana" wanapoona hatari, je, wenye mtaa nao walikuwa na uwezo huo?

Hapo ndipo tunapoikaribia fikira yetu kuu. Ukarimu ni tunu ya utamaduni wetu, nasi husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini ukarimu ni tendo la mtu huru. Mwenye nyumba akifungua mlango kwa hiari, huo ni ukarimu. Mlango ukifunguliwa na mtu mwingine wakati mwenye nyumba yuko shambani, huo si ukarimu tena, hata kama mgeni ni mwema na amekuja na zawadi. "Karibu" ya kweli ni ile inayotoka katika kinywa kilichoweza pia kusema "hodi yako tumeisikia, lakini leo hatuna nafasi."

Cape Town yenyewe ina mfano wa barabara iliyofungwa na wenyewe. Kila mwanzo wa mwaka, na hasa tarehe 2 Januari, vikundi vya waimbaji na wachezaji, ambavyo huitwa Klopse, hupita mitaani kwa mavazi ya rangi, miamvuli na banjo. Asili ya sikukuu hiyo ni watumwa. Mababu wa watu hao waliletwa Rasi kutoka Msumbiji, Madagaska, India na visiwa vya mashariki ya mbali, na siku hiyo ya pili ya mwaka ndiyo waliyokuwa wakiachiwa wapumzike. Kwa miaka mingi vikundi hivyo vilishindana katika viwanja vya Green Point, pale pale ambapo magari ya umeme yalikuja kupita. Serikali ya ubaguzi iliwatoa katika maeneo iliyoyatenga kwa Wazungu, nao hawakuacha kuimba. Klopse nao husimamisha magari, hupiga kelele, humchelewesha mtu mwenye haraka zake. Lakini anayecheleweshwa anajua ni nani aliyemchelewesha, na mara nyingi ni shangazi yake au jirani yake. Barabara haikuchukuliwa kwa watu. Watu wameijaza wao wenyewe.

Kwa hiyo kipimo chetu si kelele, wala kasi, wala ugeni wa jambo. Tunapendekeza vipimo vitatu, navyo si vigumu. Kwanza, ni nani aliyeulizwa kabla barabara haijafungwa: je, ni wakubwa na wafanya biashara tu, au pia muuza samaki, dereva wa basi, mgonjwa aendaye hospitali? Pili, ni nani awezaye kusogea karibu akaona, pasipo kununua nafasi kwa fedha ya mshahara wa wiki nzima? Barabara iliyojengwa kwa kodi ya wote haiwi ya wote kama siku ya sherehe wengi wanaona uzio tu. Tatu, ni kitu gani kitakachobaki mgeni akisha kwenda? Ikiwa ni lami nzuri zaidi, ujuzi kwa mafundi vijana, au treni iliyofufuliwa, tutasema mwenyeji amepona. Ikiwa ni picha za milima katika televisheni za watu wa mbali peke yake, basi mgeni ndiye aliyepona.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumika kumwonya mgeni mvivu, lakini ina upande wa pili. Jembe ni heshima, kwa maana mgeni aliyepewa jembe amekuwa mtu wa nyumbani, anashiriki jasho na mavuno. Formula E ilikaa Cape Town mwisho wa juma mmoja. Katika ratiba ya mwaka 2024 mji huo haukuwamo. Mgeni aliondoka kabla ya siku ya tatu. Hatusemi kwamba alikuwa mgeni mbaya. Mashindano ya namna hiyo ni biashara, nayo huenda panapolipa. Tunasema tu kwamba mji ulioandaa meza yake yote kwa ajili ya mgeni wa siku mbili hauna budi kujiuliza ni nani wa nyumbani ambaye bado hajala.

Sisi wenyewe hatuko nje ya swali hili. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, katika miaka yake ya mwanzo ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwa barabara zile zile za vumbi zilizotumiwa na wakulima. Wazee wengi wanakumbuka walivyopanga mstari kandokando ya njia wakamngoja Joginder Singh, mwana wa Kenya, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Hawakununua tiketi. Mashindano hayo yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, na kufanyika zaidi katika sehemu za Naivasha, watu walijitokeza tena kwa shangwe. Furaha hiyo ni yetu, tusiione haya. Lakini vumbi lile lilipotua, barabara ilirudi kuwa ya mkulima, na ubovu wake ulikuwa ule ule.

Miji yetu inakua, na siku moja wageni wa namna hii watabisha hodi kwetu pia. Hatutaki vijana wetu wajibu kwa hofu, wala wajibu kwa tamaa. Tunataka wawe watu wanaoweza kusema "karibu" na wanaoweza kusema "hapana", na wanaojua sababu ya kila neno. Uwezo huo hauanzi siku mgeni anapofika. Huanza darasani, mwanafunzi anapouliza kwa adabu na mwalimu asimnyamazishe. Huendelea katika mkutano wa mtaa, pale mama anaposimama kueleza habari ya kivuko kibovu, na mwandishi wa mkutano akayaandika maneno yake.

Katika vijiji vyetu, na katika Khayelitsha vilevile, watoto hutengeneza magari kwa waya na makopo, wakayasukuma kwa mpini mrefu wenye usukani juu, huku midomo yao ikinguruma kama injini. Hushindana barabarani. Likija lori hupisha, likisha pita hurudi. Hakuna aliyewaambia kuwa barabara ni yao, nao wanaicheza kama yao. Kazi ya watu wazima ni kuhakikisha kwamba watoto hao wakikua, wakauliza barabara ni ya nani, jibu lisiwe tofauti na lile walilokuwa wakilijua.